Shusha Kolo!

Umepita Kolo mara ngapi ukiwa usingizini?

Basi limetoka Dodoma alfajiri kwenda Arusha. Limeiacha Kondoa nyuma. Wewe umeegemeza kichwa dirishani, begi mapajani, mdomo wazi. Kilomita chache tu kutoka barabarani, chini ya majabali, watu wekundu warefu, wembamba kama matete, wamesimama kwenye mwamba wakikungoja.

Na wewe unakoroma!

Hiyo ni michoro ya Kondoa-Irangi. Mwaka 2006 UNESCO iliiweka katika Urithi wa Dunia. Dunia nzima imeambiwa. Wewe unangoja kuambiwa na nani?

Amka.

Najua utakachosema. Njia imesahaulika. Mvua za Desemba mpaka Aprili zikiisha, nyasi zimefika kiunoni, miiba inavuta shati, upupu unangoja shingo yako. Ni kweli. Lakini nani aliyeisahau hiyo njia? Njia huuawa na miguu iliyokaa nyumbani.

Miguu yako.

Na kile kipaji ulichokuwa nacho ukiwa na miaka kumi na tisa, kiko wapi? Ile kazi uliyoapa kuianza "mwakani", mwakani umepita mara ngapi? Usiniambie kimekufa. Hakijafa. Kimeota nyasi.

Zifyeke!

Huna pesa? Hesabu ulichotumia mwezi huu kununua bando la kutazama wenzako wakipanda milima. Huna muda? Jumamosi iliyopita ulikuwa wapi saa nne asubuhi? Huna mwenzako? Ofisi ya michoro iko palepale Kolo. Lipa kiingilio, chukua mwongozaji, anza kupanda. Wazee walishamaliza: mtembea bure si sawa na mkaa bure.

Panda.

Jua litakuchoma kisogo. Mapaja yatawaka. Katikati ya kilima moyo utakunong'oneza: rudi, umeona vya kutosha. Huo moyo unaujua. Ndio uliokurudisha mara zote. Leo usiujibu. Piga hatua moja. Tena moja.

Tena!

Halafu, ghafla, kivuli. Jabali limekuinamia kama paa la nyumba. Jasho linapoa mgongoni. Inua macho.

Tembo. Twiga. Watu.

Aliyewachora alikuwa na nini? Udongo mwekundu na mkono wake. Hakuna aliyemwahidi mshahara. Hakungoja mtaji wala cheti. Alisimama hapo ulipo, akanyoosha mkono, akaanza. Jina lake limepotea, kazi yake ipo.

Wewe una jina. Kazi yako iko wapi?

Msikilize na huyu. Mwaka 1951 mwanaakiolojia Mary Leakey alikuja kwenye majabali haya kuinakili michoro. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alinakili mchoro kwa mchoro, siku kwa siku, karatasi kwa karatasi. Kitabu chake juu ya michoro hii kilitoka lini?

1983.

Miaka 32! Alikuwa na miaka 70. Katikati hapo, mwaka 1959, aliliokota fuvu la kale la Olduvai lililoushangaza ulimwengu. Angeweza kusema imetosha. Hakusema. Na wewe uliyeanza Januari ukaacha Februari, unasema umejaribu?

Usinidanganye. Usijidanganye.

Lakini sikia: bidii bila adabu ni uharibifu. Wapo waliomwagia michoro maji ili ing'ae kwenye picha, wakaifuta kidogokidogo. Usiiguse. Usiimwagie chochote. Katika pango la Mungumi wa Kolo watu bado wanafanya matambiko yao. Ingia kama mgeni anayejua yuko kwa nani. Mtu mwenye nguvu ya kweli anajua pia pa kuuzuia mkono wake.

Sasa teremka. Tazama chini unapokanyaga. Unaona? Nyasi ulizozilaza asubuhi bado zimelala. Pale palipofungwa pamefunguka kidogo. Hukuwa na jembe. Hukuwa na bajeti. Ulikuwa na miguu miwili na siku moja.

Je, ukiwa na mwaka?

Unauona ukubwa wako sasa? Ulikuwepo siku zote. Ulikosa nyayo tu.

Basi lijalo linaondoka Dodoma alfajiri. Utakuwa ndani yake, najua, maana kila mara unakuwa ndani yake. Safari hii usiegemeze kichwa. Kaa wima. Hesabu vijiji. Kondoa ikishapita, kaza kamba za viatu. Na kibao cha Kolo kikitokeza mbele, usinong'one, usione haya, usingoje abiria mwingine akutangulie. Simama katikati ya basi, upige kelele mpaka dereva akusikie:

"Konda! Shusha Kolo!"