Kupunguza Mizigo ya Nyumba Katika Maradhi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni Zake, Yeye ateremshaye ugonjwa na ateremshaye dawa yake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, katika miji yetu ya pwani, tangu Lamu hata Vanga, mtu akishikwa na maradhi mazito, kama saratani, au mafigo yaliyoshindwa kufanya kazi, au moyo, jamaa zake hujishughulisha na mengi. Humpeleka kwa daktari, nao wafanya vyema, kwani Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kujitibu. Wengine huongeza kumfungia hirizi na kumzungushia kafara, na hayo hayana asili katika dini. Lakini liko jambo moja ambalo wengi hulikimbia: mgonjwa akitaka kasha lake lifunguliwe, vitu vyake vitengwe, cha mtu kirudishwe kwa mwenyewe, na kisichofaa kitolewe nyumbani, huambiwa, "Usijifanyie uchuro! Wewe ungali hai." Basi kasha hufungwa, na mambo hubaki kama yalivyo mpaka siku ambayo mwenye kujua cha nani ni kipi hawezi tena kusema.

Itikadi hii ni batili. Mtume (s.a.w.) ameikataza imani ya ndege mbaya na ukorofi, nao uchuro ni katika jamii hiyo hiyo. Tena ametufunza, kama alivyopokea Ibn Umar, kuwa Mwislamu mwenye kitu cha kuusia hana haki ya kulala usiku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa kwake. Maneno haya hayakuambiwa mgonjwa peke yake. Yameambiwa kila mtu, hata mzima wa afya. Lau kupanga mambo kungeita mauti, Mtume asingetuamrisha.

Na mwenye shaka na amtazame Saad bin Abi Wakkas. Mwaka wa Hija ya kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra, ambao ni 632, aliugua Makka hata akadhani atakufa. Mtume alipokwenda kumtazama, Saad hakuona haya kusema khabari ya mali yake. Alitaka kutoa thuluthi mbili sadaka, akakatazwa. Akataka nusu, akakatazwa. Akaruhusiwa thuluthi, na akaambiwa kuwa hata hiyo ni nyingi, kwani kuwaacha warithi na cha kuwatosha ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono kwa watu. Je, mazungumzo hayo yalimuua? Saad alipona, akaongoza jeshi la Waislamu katika vita vya Kadisiya, akaujenga mji wa Kufa, na akaishi zaidi ya miaka 40 baada ya maradhi yale.

Sasa na tuzitazame nyumba zetu. Sisi watu wa pwani twapenda vyombo. Kabatini mna sahani za sini zisizoliwa chakula, mvunguni mna masinia na sufuria za karamu, juu ya kabati mna masanduku ya leso zisizowahi kufuliwa, na ukumbini mna viti visivyokaliwa. Ukiuliza, huambiwa, "Akiba haiozi." Methali hii ni ya kweli kwa chakula cha mwaka wa njaa. Lakini leso iliyoliwa na mende imeoza, na sufuria iliyotoboka kwa kutu si akiba, ni takataka. Imepokewa katika hadithi iliyo katika Sahihi Muslim kuwa tandiko moja ni la mume, la pili la mke, la tatu la mgeni, na la nne ni la Shetani. Wanavyuoni wamefasiri kuwa kilichozidi haja, kikawekwa kwa fakhari tu, ndicho kinacholaumiwa.

Mtu mzima aweza kuuvumilia msongamano huu. Mgonjwa hawezi. Mwenye maradhi ya mafigo huenda hospitali mara mbili au tatu kila juma, akafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu muda wa saa nne hivi, na anaporudi hana nguvu hata ya kuinua kikombe. Mwenye saratani anayetiwa dawa kali mwilini hupungukiwa na kinga, na vumbi na ukungu wa nguo zilizofungiwa humdhuru zaidi ya wengine. Mwenye miguu dhaifu hujikwaa kwenye pembe ya jamvi usiku akienda chooni, na mfupa uliovunjika huwa ni maradhi ya pili. Na katika kikapu cha dawa, za mwaka juzi huchanganyika na za leo. Basi jambo la kwanza ni njia ya mgonjwa: kutoka kitandani hata chooni pasiwe na kitu cha kujikwaa, na dawa zilizopita muda wake zitengwe apelekewe mwenye duka la dawa, zisitupwe jaani watoto wakaziokota.

Lakini usafi wa sakafu ni sehemu ndogo ya jambo hili. Sehemu kubwa ni usafi wa dhima.

Kwanza, amana. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, kuzirudisha amana kwa wenyewe. Ni nyumba ngapi zina mkufu wa jirani uliowekwa, cherehani ya shoga iliyoazimwa, fedha za upatu, au ufunguo wa nyumba ya aliyesafiri? Mwenye kujua ni mgonjwa peke yake. Akifa, warithi hukikuta kitu wakadhani ni chao, wakakigawa, nao hawajui kuwa wamekula cha mtu. Tukumbuke kuwa Mtume (s.a.w.) alipohama Makka, ilhali watu wa mji walikuwa wakiitaka roho yake, alimwacha Ali nyuma azirudishe amana za watu. Na Abubakar (r.a.) katika maradhi yake ya mwisho aliamrisha vitu vichache vilivyomfikia kwa ajili ya ukhalifa virudishwe kwa atakayemfuata, na akausia akafiniwe katika nguo aliyokuwa nayo, kwa kuwa aliye hai ana haja zaidi na nguo mpya.

Pili, madeni. Alilowiwa na alilowia, yote yaandikwe. Wahenga wamesema, mali bila ya daftari hupotea bila ya khabari. Aya za mirathi zimekariri kuwa mgao ni baada ya wasia na deni. Basi deni lisilojulikana ni fundo katika shingo ya maiti na ni fitina baina ya walio hai.

Tatu, karatasi. Humo makashani, chini ya kanzu kuukuu, huwamo hati za mashamba na viwanja, nyingine tangu ile sheria ya hati za ardhi ya pwani ya mwaka 1908, na nyingine zimeandikwa kwa khati za Kiarabu ambazo vijana wetu hawawezi kuzisoma. Isichomwe karatasi yoyote kabla ya kusomwa na mwenye kujua. Mara nyingine karatasi iliyodhaniwa ni uchafu ndiyo ushahidi wa wakfu. Ama misahafu iliyochakaa na juzuu zilizochanika, zisitiwe jaani, wanavyuoni wamejuzisha kuzizika mahali safi pasipokanyagwa, au kuzichoma kwa heshima, kwani Sayyidna Uthman (r.a.) aliamrisha nakala zisizoafikiana na msahafu wake zichomwe.

Nne, mali ya mke na mali ya mume. Uislamu umempa mwanamke milki yake mbalimbali na ya mumewe. Lakini majumbani mwetu kitanda cha samadari alichokuja nacho bibi, na jokofu alilonunua kwa biashara yake ya mahamri, huhesabiwa vyote kuwa "vitu vya nyumba". Mume akifa, ndugu zake huja wakaviandika vyote katika mirathi, na mjane akapewa thumuni katika mali ambayo yote ni yake! Hiyo ni dhuluma iliyo wazi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 170, imezipa mahakama za Kadhi kuamua mirathi ya Waislamu waliokubali hukumu yake; lakini Kadhi huhukumu kwa ushahidi, na ushahidi wa mume aliye hai, ulioandikwa na kushuhudiwa na waadilifu wawili, humwondolea mkewe mashaka mengi.

Hapa pana khatari ya upande wa pili, na ni wajibu wetu kuitaja. Wako jamaa ambao, waliposikia kuwa ni vizuri kupunguza vyombo, huingia nyumbani kwa mgonjwa wakabeba. Huyu atwaa saa ya ukutani, yule atwaa sinia la shaba, na mgonjwa amelala chumba cha pili akisikia vyombo vyake vikigongana. Huku ni kumrithi mtu angali hai, na ni haramu. Mali ni yake mpaka pumzi ya mwisho. Anayesaidia ni mkono tu. Ulimi wa kuamua ni wa mgonjwa. Akisema, "Kikombe hiki kiacheni," kiachwe, hata kikiwa kimepasuka.

Wala tusimcheke mtu kwa kitu cha kumbukumbu. Baada ya vita vya Badri, mwaka 624, Zainab binti wa Mtume alipeleka mkufu kumkomboa mumewe aliyetekwa. Mtume (s.a.w.) alipouona aliutambua kuwa ni mkufu wa Bibi Khadija, moyo wake ukalainika mno, akawaomba masahaba, wakiona vyema, wamwachie mateka na wamrudishie Zainab mkufu wake. Ikiwa moyo wa Mtume uliguswa na kitu cha mkewe aliyefariki, mama akiweka nguo ya mwanawe aliyetangulia hakufanya kosa.

Na mgonjwa naye ana mipaka. Wanavyuoni wetu wamesema kuwa hiba anayoitoa mtu katika maradhi ya kukhofiwa mauti, ikiwa amekufa kwa maradhi hayo, huhesabiwa katika thuluthi. Iliyozidi yataka ridhaa ya warithi. Akipona, hiba yake yapita yote. Wala hana wasia mrithi ila wenziwe wakiridhia. Basi asije baba akamwandikia nyumba mwana mmoja aliyemuuguza, akawaacha wengine, akadhani ameshukuru. Amshukuru kwa dua, na amlipe kwa njia ya halali, asiwatie watoto wake uadui utakaodumu baada yake. Haya hayahusu mikebe mitupu na matambara. Hayo hutolewa bila ya kuuliza Kadhi.

Katika kutoa sadaka, tuchague. Kuran imetufunza katika Surat Aali Imran, aya ya 92, kuwa hatutaufikia wema mpaka tutoe katika tuvipendavyo. Aya hiyo ilipoteremka, Abu Talha alitoa shamba lake la mitende la Bairuhaa, lililokuwa likielekea msikiti na ndilo alipendalo zaidi; Mtume akamshauri awape jamaa zake. Basi leso nzima apewe shangazi mjane, sufuria kubwa zipewe msikiti zipikiwe futari, vitabu vipewe madrasa. Kitambaa kilichoraruka si sadaka. Kifanywe tambara la kupangusia.

Ama namna ya kufanya, iwe kidogo kidogo. Siku ambayo mgonjwa ana nguvu, aketishwe pahala pa hewa, aletewe sanduku moja, si mawili. Mtoto mmoja ainue kitu, mwingine aandike. Yeye aseme: hiki ni cha fulani, hiki ni changu kikae, hiki kitolewe. Akichoka, sanduku lifungwe hata siku nyingine. Kazi hii wala si ya huzuni. Wengi huyafungua makasha yao wakawasimulia watoto khabari za babu zao, na mgonjwa ambaye siku zote hupewa tu, dawa na uji na maji, siku hiyo huwa yeye ndiye mtoaji.

Na neno la mwisho ni kwenu nyinyi wazima. Mtume (s.a.w.) aliulizwa ni sadaka gani yenye ujira mkubwa zaidi, akaeleza kuwa ni ile uitoayo ungali na afya, ukiikhofu nafsi yako ufakiri na ukiutumai utajiri, wala usingoje roho ifike kooni ndipo useme fulani apewe hiki na fulani kile, ilhali kimekwisha kuwa cha wengine. Basi tusiwaachie wagonjwa peke yao kazi hii. Leo usiku, kabla ya kulala, kila mmoja na afungue kabati yake, atafute humo kitu kimoja kisicho chake, na kesho asubuhi akipeleke kwa mwenyewe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, azisafishe nyumba zetu na dhima zetu, na asitutoe duniani ila tukiwa hatudaiwi na mja Wake yeyote. Wabillahi taufiki.