Kalamu ya Sokoni Isaka

Nina swali la kuwauliza, nalo limezaliwa na kitu kidogo sana.

Mwezi uliopita nilishuka Isaka, penye stesheni ya reli iendayo Mwanza, ambapo siku hizi malori hupakia mizigo ya Rwanda. Mama mmoja mzee alikuwa ametandika gunia. Juu yake vijiko, kufuli zisizo na funguo, na kalamu ya wino ya zamani. Nibu yake ilifichwa ndani ya ganda, ncha tu ikitokeza, na kishikizo cha kifuniko kilifanana na mshale. Moyo ukanishtuka, maana ndivyo ilivyo Parker 51, kalamu ya Marekani iliyotoka mwaka 1941 kwa bei ya dola 12.50, na wapendao vitu vya kale huitafuta hata leo.

“Shikamoo, mama. Hii bei gani?”

“Marahaba, mwanangu. Elfu tatu.”

Nikaigeuzageuza, nikasema ni kitu duni kilichochakaa. Akanipa kwa elfu mbili.

Hata nilipofika nyumbani nikausugua ukingo wa kifuniko kwa vumbi la chaki, kwa kuwa chaki huingia katika herufi zilizofifia, nazo zikasomeka. Jina la Parker halikuwapo. Palikuwa na HERO 616, kalamu ya Shanghai iliyoiga umbo la ile ya Marekani, ikauzwa kwa bei nafuu mahali pengi. Nikakasirika, nikasema, “Nimedanganywa!”

Na nani? Yule mama hakutaja jina lolote. Aliuza kalamu, nami nilipata kalamu.

Cicero, Mrumi, aliuliza jambo hili mwaka 44 kabla ya Kristo: mtu akiuza dhahabu akidhani ni shaba, je, mnunuzi mwema amwambie? Kwetu sisi tulio jirani na machimbo ya Geita, swali hilo halikai vitabuni tu. Wako wasemao kwamba maarifa ni mali ya aliyeyatafuta, na aliyetumia miaka kujifunza kutambua jiwe au kalamu ana haki ya kupata faida yake. Sisemi kwamba neno hilo ni bure. Lakini mimi sikunyamaza tu. Niliita duni kitu nilichokiamini kuwa cha thamani. Tena tazameni ajabu: maneno yangu yalikuwa kweli, kalamu ilikuwa ya bei ndogo, na hata hivyo nilikuwa nimesema uongo, kwa kuwa nilinena kinyume cha moyo wangu. Chaki ilionyesha jina la kalamu. Haikubadili neno nililokusudia.

Juma lililofuata nilipita tena. Yule mama akaniuliza, “Ile kalamu inaandika?” Nikamjibu kwamba inaandika vema, nikamtolea ile elfu moja niliyompunguzia. Akaipokea, akanitazama kwa mashaka, kisha akauliza kama sasa nataka kufuli.