Wito ni wa Nani?

Jumapili moja mama mjane wa usharika wetu, huku Kilimanjaro, alinijia baada ya ibada. Siku ile tulikuwa tumemwombea kijana aendaye kusomea uchungaji, nami nilihubiri ya kuwa ameitwa na Bwana. Mama akaniuliza, "Baba Mchungaji, huyu ameitwa. Na sisi tunaobaki na jembe, je, hatukuitwa?" Nikamjibu ya kwamba sote tumeitwa katika Ubatizo. Jibu hilo ni la kweli, walakini niliona usoni pake ya kuwa halikumshibisha.

Maana sisi wachungaji tumelifanya neno "wito" kuwa kama kanzu yetu, tukalivaa peke yetu. Ndivyo ilivyokuwa Ulaya zamani: aliyehesabiwa kuwa na wito ni padre au mtawa. Luther naye aliingia nyumba ya watawa mjini Erfurt mwaka 1505, akidhani huko ndiko atakakompendeza Mungu. Alipokwisha kufahamu ya kuwa mtu huhesabiwa haki kwa imani, akaona na jambo la pili litokalo katika lile la kwanza: kwamba matendo yetu mema hayamfai Mungu kitu, bali humfaa jirani. Basi lile neno la Kijerumani la wito, Beruf, akalitumia hata kwa kazi ya fundi, ya mtumishi wa kike, ya baba na ya mama. Mwaka 1522, akiandika juu ya ndoa, alimtaja baba afuaye nguo zilizochafuliwa na mtoto wake mchanga. Watu humcheka, lakini Mungu pamoja na malaika hufurahi, kwa sababu anafanya hivyo kwa imani. (Wanaume wa usharika wangu hawajawafurahisha sana malaika kwa njia hii, wala mimi sina la kujisifu.)

Tuangalie mifereji yetu. Mtu wa juu mlimani akizibua mfereji, maji hushuka hata kwenye migomba ya mtu asiyemjua. Huyu wa chini amemwomba Mungu riziki yake asubuhi. Naye Mungu amemjibu kwa mikono yenye matope ya yule wa juu. Hiyo ni huduma, ijapokuwa hakuna aliyewekewa mikono kwa ajili yake.

Nilikusudia kumpelekea yule mama maneno haya, nami nilikwenda kwake nikiwa na furaha. Nikamkuta analima kibarua katika shamba la mtu mwingine. Nilipouliza, nikasikia ya kuwa shamba la marehemu mumewe limechukuliwa na shemeji zake. Maneno yangu yakanikauka kinywani. Je, nimwambie, "Vumilia, huu ndio wito wako"?

Wako waliosema hivyo mbele yangu. Mwaka 1525 wakulima wa Ujerumani waliinuka kwa sababu ya mizigo waliyotwikwa na mabwana zao, na wengine wakashika silaha. Luther, aliyekuwa ameisifu kazi ya mkulima, aliandika kwa ukali mno akiwataka watawala wawapige, na maelfu ya watu waliuawa. Mimi ni Mlutheri, nalo jambo hili linanihuzunisha. Hata Paulo, alipowaagiza Wakorintho kila mtu akae katika hali aliyoitwa nayo, hakumkataza mtumwa kuupokea uhuru.

Kulima kwa mama yule ni wito, maana watoto wake wanakula. Lakini kunyang'anywa si wito wa mtu awaye yote. Ni dhambi ya aliyenyang'anya. Tena katika dhambi hiyo mna wito wa watu wengine, nao ni mimi na wazee wa kanisa, tulioketi karibu na mashemeji wale kila Jumapili bila kuuliza neno.

Nilimwomba mama radhi, nikazungumza na wazee wawili. Tumepatana kwenda kwa mashemeji siku ya Jumatatu, kabla hawajatoka kwenda kuchuma kahawa.