Mgeni Asiyelipa: Je, Tumfungie Mlango?

Wiki hii nataka tutafakari jambo ambalo wengi wetu tunaofanya biashara kwa simu tumelionja, ingawa si rahisi kulisikia likihubiriwa. Mtu mpya anaingia kwenye mnada wa mtandaoni. Anaweka dau, anapandisha, anawashinda wote. Mnada unafungwa, mwuzaji anaandika "Imeuzwa". Kisha yule mtu hapatikani. Simu inaita, haishikwi. Ujumbe umesomwa, jibu hakuna. Swali langu ni hili: kesho akija mgeni mwingine, ambaye hatumjui vilevile, tumpokee vipi?

Mimi huuza ala za muziki zilizotumika: vinanda, gitaa, spika na maikrofoni. Mnada wetu uko kwenye kundi la WhatsApp, unaanza saa mbili usiku na kufungwa saa nne. Kuna kinanda kimoja nilichokianzisha kwa shilingi 15,000. Watu watatu wakashindana, na mgeni aliyeingia kundini wiki hiyohiyo akakichukua kwa 24,500. Akasema atatuma pesa asubuhi. Asubuhi ikawa jioni, jioni ikawa Ijumaa, na Ijumaa akatoka kundini. Nilipomrudia yule wa pili, aliyekuwa amefika 24,000, alikuwa ashanunua kingine mjini. Mwishowe kinanda kilienda kwa 17,000.

Baada ya hapo ndugu mmoja kundini akatoa pendekezo, na wengi wakaitikia: "Wageni wasiruhusiwe kuweka dau. Basi." Nilielewa uchungu wake, maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini nimelifikiria sana, na sikubaliani naye. Naomba tulipime pamoja polepole.

Dau ni neno la mtu

Tuanze na dau lenyewe. Kuna watu wanaodhani kuweka dau ni kama kubonyeza alama ya kupenda picha. Sivyo. Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura 31, inasema mauzo ya mnada hukamilika pale dalali anapopiga nyundo. Kabla ya nyundo, unaweza kuondoa dau lako na hakuna atakayekushika shati. Nyundo ikishalia, umenunua. Kwenye simu zetu hakuna nyundo, lakini lile neno "Imeuzwa" linafanya kazi ileile.

Kwa nini iwe nzito hivyo? Kwa sababu dau lako linawafungia wengine mlango. Ukisema 24,500, yule wa 24,000 anaweka simu chini na kwenda kutafuta kwingine. Umelichukua tumaini lake kwa neno lako tu, bila shilingi hata moja. Wahenga walisema ahadi ni deni, na Zaburi ya 15 inamsifu mtu anayeshika kiapo chake hata kikimtia hasara. Bwana wetu naye alifundisha katika Luka 14 kwamba anayetaka kujenga mnara hukaa kwanza akapiga hesabu. Hesabu ya mnada hupigwa kabla ya saa mbili usiku, wakati kichwa kimetulia. Ikifika saa nne kasoro dakika moja, damu imechemka na kila mtu anataka kushinda tu.

Anayeibiwa ni nani?

Tukiulizwa nani ameumizwa, tunamtaja mwuzaji. Ni kweli, lakini wako watatu. Wa kwanza ni mwuzaji, aliyepoteza bei na siku. Wa pili ni yule aliyeshindwa na dau hewa, akakosa kitu alichokuwa tayari kukilipia. Wa tatu hatumwoni kwa sababu bado hajafika. Ni mgeni wa kesho. Huyo atakuja na pesa zake mkononi, na atakuta watu wamekunja uso. Atalipa deni la mtu ambaye hajawahi hata kumwona.

Hapo ndipo ninapotofautiana na ndugu yangu. Tukimfungia mgeni wa kesho, tumechukua kosa la mmoja tukamtwika mwingine. Tunapenda kusema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa samaki walio kapu moja ni sawa, maana wamelala pamoja. Lakini wageni wawili hawakutoka kapu moja. Wanafanana kwa jambo moja tu, kwamba sisi hatuwajui. Na kutojulikana si dhambi. Kila mmoja wetu kundini aliingia akiwa mgeni, na kuna aliyempokea.

Tena, si kila asiyelipa ni mwongo. Yuko mjanja anayeweka dau ili kuwasumbua watu. Yuko asiyejua sheria za mnada. Yuko aliyemwachia mtoto simu. Yuko aliyeona picha nzuri, kisha akauliza maswali na kugundua mwuzaji ameficha ufa. Na yuko ambaye usiku uleule amepigiwa simu kwamba mama yuko hospitalini, na zile pesa za kinanda zikaenda huko. Kwa nje wote wanafanana: hawajalipa. Ndani ni watu tofauti kabisa.

Tahadhari si dhambi

Lakini ngoja. Sisemi tuwe kama njiwa tu na kusahau busara. Mwuzaji ana watoto, ana kodi ya nyumba, na upendo haumlazimishi kulala njaa. Hata minada mikubwa ya dunia ilijifunza hili.

Mwaka 1995 Pierre Omidyar alianzisha huko Marekani mnada wa mtandaoni uliokuja kuitwa eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kurunzi ndogo ya leza, tena mbovu, kwa dola 14.83. Omidyar aliamini kwamba watu wengi ni waaminifu. Hata hivyo, mwaka 1996 aliweka utaratibu wa wanunuzi na wauzaji kuandikiana maoni, ili mtu ajenge jina lake hatua kwa hatua. Leo mnunuzi wa kule ana siku 4 za kulipa. Zikipita, mwuzaji anaweza kufuta mauzo, tukio likawekwa kwenye rekodi ya mnunuzi, na bidhaa ikatolewa kwa aliyekuwa wa pili. Imani ilibaki, lakini ikawekewa uzio.

Hapa kwetu pia, dalali anapotangaza mnada wa magari au mashamba, mara nyingi anayetaka kushindana huweka kwanza amana ya kurudishwa, ndipo apewe namba. Mnada wa chai wa Mombasa, ulioanzia Nairobi mwaka 1956, wanunuzi wake ni wanachama wa chama cha wafanyabiashara wa chai. Hakuna anayesema ametukanwa, kwa maana sharti ni moja kwa wote na lilijulikana mapema.

Hapo ndipo naona mpaka kati ya tahadhari na dharau. Tahadhari ni kanuni inayosomwa na kila mtu kabla ya mnada kuanza. Dharau ni kumtazama mtu ukaamua moyoni. Nimeona mwuzaji akiangalia jina la mgeni, akajua ni wa kabila gani, akasema, "Hawa nawajua." Mwingine akauliza mtu anaishi mtaa gani ndipo akubali dau lake. Wapendwa, hiyo si busara ya biashara. Ni ubaguzi uliovaa koti la biashara, na Mungu asiyependelea uso wa mtu hawezi kuubariki.

Njia ninayoiona

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tunaweza kuutumia kundini. Mgeni aweke amana ndogo kwa M-Pesa, tuseme shilingi 500. Asiposhinda, arudishiwe usiku uleule. Akishinda, ihesabiwe ndani ya bei. Akishanunua na kulipa mara tatu, amana iondolewe, apewe jembe kama wenyeji. Na muda wa kulipa uandikwe, usiachwe kwenye "nitatuma tu".

Akishindwa kulipa, tufuate mpangilio wa Mathayo 18. Kwanza mwendee peke yake, kwa ujumbe wa faragha, bila matusi: "Ndugu, naona malipo hayajafika. Kuna shida? Niambie ukweli ili nimpe mwingine." Ukimwachia njia ya kutoka kwa heshima, mwenye shida ya kweli ataitumia. Asipojibu, mhusishe msimamizi wa kundi. Ikishindikana kabisa, aondolewe, na bidhaa imfikie wa pili mapema kabla hajaenda kwingine.

Kitu ambacho nakataa ni kubandika picha na namba ya mtu hadharani ukiandika "Mwizi". Hata eBay, mwaka 2008, iliwaondolea wauzaji uwezo wa kuwawekea wanunuzi alama mbaya, kwa sababu wanunuzi waliogopa kusema ukweli kuhusu bidhaa wasije wakalipiziwa. Uwezo wa kuharibu jina la mtu haukawii kugeuka silaha.

Na akirudi baada ya miezi akiomba msamaha? Msamehe, ndiyo, kutoka moyoni. Lakini kusamehe ni jambo moja, kumwamini tena ni jingine. Msamaha unaweza kutolewa leo. Uaminifu hujengwa upya, kwa hiyo aanze tena na ile amana. Kumbukeni Sauli alipofika Yerusalemu katika Matendo 9. Wanafunzi walimwogopa, na walikuwa na sababu, maana jina lake lilinuka damu. Barnaba ndiye aliyemshika mkono. Angalia, Barnaba hakusema tu "mwaminini". Aliwaeleza mambo yaliyotokea njiani na jinsi Sauli alivyohubiri Dameski. Alileta ushahidi. Kanisa likampokea, na fikirieni hasara ambayo ingetupata kama ule mlango ungebaki umefungwa.

Na sisi je?

Kabla hatujamnyoshea kidole mgeni wa mtandaoni, tuangalie nyumbani. Katika makanisa mengi yetu, siku ya mavuno, kuku, mikungu ya ndizi na maboga hupigwa mnada baada ya ibada. Kuku wa shilingi 800 hupanda mpaka 5,000, watu wanapiga makofi, na mshindi anasema, "Andika, nitaleta." Swali ni: mangapi yaliyoandikwa kwenye kitabu cha mweka hazina hayajaletwa mpaka leo? Yule hakuwa mgeni. Tunalijua jina lake na kiti anachokalia. Kwa nini asiyejulikana tumwite mwizi, na huyu tumwite mtoaji mkarimu?

Kwa hiyo wiki hii nakuomba mambo mawili. Kama kuna dau au ahadi uliyoitamka na hujailipa, ilipe. Kama huwezi, piga simu useme ukweli leo, ili aliyefungiwa mlango aachiliwe. Na ukikutana na mgeni kwenye biashara yako, mweleze kanuni waziwazi, kisha mpe nafasi yake. Bwana atupe midomo inayosema tunachoweza kulipa. Amina.