Hatia ya Asiyekagua

Katika miji ya Milima ya Alpi kama Morzine, Ufaransa, baiskeli za umeme za milimani hukodishwa kwa siku. Mgeni hulipa, huvaa kofia ngumu na kuanza safari. Hana namna ya kujua kama bolti zinazoshikilia mikono ya nyuma ya fremu zimekaza. Anamwamini mwenye duka.

Baiskeli hizi nyingi zina uzito unaozidi kilo 20. Gurudumu la nyuma hubebwa na mikono inayocheza juu na chini ili shokapu ipokee kishindo, na kila kiungo cha mikono hiyo kina bolti yake. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwamba bolti hulegezwa zaidi na mitikisiko ya kwenda pembeni: nyuzi huteleza kidogo, bolti ikarudi nyuma yenyewe, kidogo kidogo. Kwamba ilikazwa mwezi uliopita si hoja leo.

Je, mwenye duka anayeamini kwa moyo safi kwamba baiskeli yake ni nzima, bila kuikagua, ana kosa?

Swali hilo lilishajibiwa mwaka 1877 na mwanahisabati na mwanafalsafa Mwingereza William Kingdon Clifford, kwa mfano wa mwenye meli. Meli ilikuwa kuukuu, na mwenyewe alikuwa na wasiwasi nayo. Akaunyamazisha wasiwasi huo: imevuka dhoruba nyingi, na Mungu hataziacha familia zinazohamia ugenini. Mwishowe akaamini kweli. Meli ikazama na familia hizo, naye akalipwa bima. Clifford akamhukumu kuwa na hatia ya vifo vile, kisha akauliza: na kama ingefika salama? Hatia ingebaki ileile, kwa sababu imani ile aliipata kwa kuziba masikio, si kwa kuchunguza.

Hukumu hiyo ni kali, lakini ni ya haki. Bahati njema ya abiria haimsafishi aliyewahatarisha.

Wala kukagua si upungufu wa imani. Katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, mtu alimuuliza Mtume Muhammad (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake na kutawakali, au amwache huru na kutawakali. Aliambiwa amfunge, kisha atawakali. Kamba kwanza.

Hata hivyo, kukagua kuna kipimo chake. Fundi hushika kiti na kuinyanyua baiskeli taratibu. Akisikia “ko” mkononi, hujua kuna kitu kinacheza. Huchukua spana yenye kipimo, akaiweka kwenye namba aliyoandika mtengenezaji, na ikilia “tik” huacha hapohapo. Anayeongeza mkazo kwa hofu huharibu nyuzi au huivuta bolti mpaka ikatike. Hofu yake nayo huleta hatari. Mwisho huchora mstari wa rangi kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye fremu. Vipande viwili vya mstari vikiachana, bolti imezunguka.

Kwa hiyo mwenye duka aliyemkabidhi mgeni baiskeli bila kuikagua amekwisha kukosea, hata kama mgeni huyo atarudi jioni akicheka. Na aishike spana kesho asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajafika.