Ni Nani Aliyeuwasha Moto?

Nyumba ikiungua katika mji wetu mdogo, majivu hayajapoa bado na maneno mawili yamekwisha kuenea sokoni. Wengine husema, "Ni kazi ya adui." Wengine husema, "Ni mapenzi ya Mungu." Maneno haya yaonekana kupingana, walakini yana jambo moja sawasawa: yote mawili yamwondolea lawama mwenye nyumba. Basi leo twataka kuuliza: Mtu aliyewasha moto bila kukusudia kuteketeza kitu, je, ana hatia, au hana?

Kwanza tutazame moto wenyewe hutoka wapi. Moto wataka kitu cha kuungua, wataka hewa, tena wataka joto. Vitatu hivi vikikutana huwaka, na kimoja kikiondolewa huzimika. Katika nyumba zetu vyakutana kila siku. Koroboi huwekwa karibu na chandarua. Mtu humimina mafuta ya taa katika jiko lenye makaa mekundu. Petroli ya kuuza hufichwa katika chupa chini ya kitanda. Pasi, birika na jiko la umeme huchomekwa pamoja katika soketi moja, hata waya ukapata moto ndani ya ukuta, mahali asipouona mtu. Mkulima huchoma majani ya shamba wakati wa upepo, kisha huenda zake. Hakuna uchawi katika mambo haya.

Sisi tunaoandika haya hatusemi kama watu wasio na waa. Usiku mmoja wa kiangazi nyumba yetu ya kupikia iliungua. Jioni tulikuwa tumezoa majivu, tukayamwaga nyuma yake penye majani makavu ya migomba, tukidhani yamepoa. Lakini majivu huficha kaa hai kwa saa nyingi. Moto ukashika jiko, ukaruka hata banda la mbuzi la jirani. Asubuhi watu walinong'ona jina la mama mzee mmoja, ambaye tuligombana naye juu ya mpaka wa shamba. Sisi tulijua habari ya majivu. Walakini siku mbili tulinyamaza, maana kunyamaza kulikuwa kutamu. Siku ya tatu tukaambiwa ya kwamba vijana wamekwisha kuuvunja mlango wa mama yule. Ndipo tulipokwenda kusema kweli. Tungalichelewa usiku mmoja tena, labda tungalikuwa na hatia ya damu.

Wala tusidhani ya kwamba jambo hili ni la watu wetu tu. Tarehe 2 Septemba, mwaka wa 1666, moto ulitoka katika nyumba ya mwokaji mikate wa London, jina lake Thomas Farriner, ukateketeza nyumba zaidi ya 13,000. Farriner alishikilia ya kwamba moto wake aliuzima sawasawa. Watu wakatafuta adui, wakampata Mfaransa mmoja, Robert Hubert, ambaye akili zake hazikuwa timamu, naye akakiri. Watu wa nyumba ya Farriner walikuwa miongoni mwa waliotia sahihi hati ya kumshtaki. Akanyongwa mwezi wa Oktoba mwaka ule ule. Baadaye nahodha wa merikebu iliyomleta akashuhudia ya kwamba Hubert alishuka pwani siku mbili baada ya moto kuanza.

Katika Torati, kitabu cha Kutoka, sura ya 22, iko sheria ya moto uliotoka ukashika miiba, ukala nafaka ya mtu mwingine. Sheria hiyo haiulizi kama mwenye kuwasha alikusudia. Yasema atalipa. Tena haisemi auawe, wala afukuzwe mjini. Hapa twajifunza mambo mawili. La kwanza, uzembe ni hatia hata kama moyo haukuwa na chuki, maana moto haujui moyo wa aliyeuwasha. La pili, hatia hiyo yaweza kubebwa. Ajuaye ya kwamba atalipa, lakini hataangamizwa, aweza kukiri. Asiyeweza kukiri atamtafuta mwingine wa kumtwika.

Labda mtu atasema, "Maskini asiye na taa ila koroboi, naye ahesabiwe hatia?" Twajibu: kila mtu ataulizwa kwa kadiri ya alivyoweza. Maskini hawezi kununua taa njema, lakini aweza kuiweka koroboi mbali na chandarua. Na mwenye duka achanganyaye petroli na mafuta ya taa ili apate faida, hatia yake ni kubwa zaidi, ingawa alikuwa amelala kwake nyumba ya maskini ilipowaka. Na kuyaita mapenzi ya Mungu mambo tuliyoweza kuyazuia kwa ndoo moja ya maji, huko ni kumsingizia Mungu.

Basi, ndugu, na ninyi waalimu wa sharika, yafundisheni haya. Majivu yamwagiwe maji. Mafuta yakiwaka yafunikwe kwa mchanga, yasimwagiwe maji. Hapa Tanzania aonaye moto apige simu 114 kuwaita Zimamoto. Na kabla ya kutaja jina la mtu, kila mmoja alitazame kwanza jiko lake, maana kikulacho ki nguoni mwako.

Banda la jirani tulilijenga upya, na mlango wa mama yule tukautengeneza. Kazi ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, maana tulipiga misumari yeye akitutazama.