Cha Bure Ndicho Kinachoua Mbwa

Wanangu, mtaa wetu umejaa vijibwa. Kila kijana anayepata chumba chenye ua anataka mbwa: huyu kaleta wa Kijerumani, yule kaleta boerboel mwenye kichwa kama ndoo. Kufuga mbwa ni jambo jema, na mwenye mbwa hulala usingizi. Kinachoniumiza ni jibu ninalopewa kila nikiuliza mnyama huyo atakula nini. "Atakula makombo tu, mzee."

Makombo ya nani? Unaishi peke yako. Mchana unakula kwa mama ntilie, usiku unanunua chipsi mayai kibandani, unarudi na mfuko mtupu. Zamani makombo yalimtosha mbwa kwa sababu nyumba ilikuwa na watu kumi na wawili, sufuria ilikuwa kubwa, ukoko ulikuwa mnene, na mbwa mwenyewe alishinda porini na ng'ombe akijitafutia panya na sungura. Leo umemfungia nyuma ya ukuta. Hana pa kwenda kujitafutia.

Nimefanya kazi ya ubwana mifugo tangu ujana wangu hadi nilipostaafu, huku Arusha na vijiji vyake, kwa hiyo haya ninayosema sikuyaokota barabarani. Katika miaka yote hiyo sijaona mbwa aliyekufa kwa kula chakula cha bei ndogo kilichopikwa vizuri. Niliowaona wakifa kwa chakula, karibu wote waliuawa na cha bure: unga ulioharibika, mifupa ya harusi. Mfukoni hamna kitu, najua, na kazi za siku hizi ni za kubahatisha. Lakini kupunguza gharama ni jambo moja, na kumfanya mbwa kuwa shimo la taka ni jambo jingine.

Wa kwangu aliitwa Chui. Mwaka mmoja masika yalirefuka, maji yakapenya stoo, na gunia la chini la mahindi likalowa. Mama watoto aliingiza mkono akatoa punje zimeshikana, zimeota ukungu wa kijani. Akasema haya si ya kuliwa na watu. Nami, mwenye cheti cha mifugo ukutani, nikajibu: basi tuyasage, tumpe mbwa.

Tulimpikia ugali wa unga ule kama majuma matatu. Kwanza akaanza kuacha chakula. Kisha akawa anatapika povu la njano asubuhi. Siku moja nilimfunua mdomo, nikakuta fizi zimekuwa za manjano kama bizari, na weupe wa macho vilevile. Mkojo wake kwenye ukuta wa banda ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Alinitazama, akatikisa mkia mara moja, akalala ubavu. Siku ya tatu tulimzika chini ya mgomba, na watoto wangu hawakunisemesha siku nzima. Walikuwa na haki.

Ile ni sumukuvu. Kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zenye unyevu hutoa sumu inayoharibu ini. Wanasayansi waliigundua baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye kuvu. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mwaka 2016 ikaua watu hapa kwetu, Dodoma na Manyara. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi, na yeye hula unga uleule kila siku, asubuhi na jioni, hana siku ya wali wala ya ndizi.

Tena moto hauiondoi. Utasonga ugali mpaka uungue, sumu itabaki palepale. Na mahindi yakishasagwa, jicho halioni kitu. Pumba ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini, vile vinavyobaki mashineni mahindi yanapokobolewa. Mtu anakuuzia kiroba cha pumba kwa bei ya kutupa, unashukuru, unampelekea mbwa. Unga usioweza kumkorogea uji mwanao, usimsongee mbwa wako. Umwage shimoni, ufukie, hata kuku wasiufikie.

Cha pili cha bure kinatoka machinjioni. Nimesimama kwenye mageti ya huko asubuhi nyingi. Mkaguzi anapasua ini la mbuzi, anakuta vifuko vyeupe vilivyojaa maji, vingine kama zabibu, vingine kama yai, analikataa. Kabla halijafika shimoni, kijana ameshalipitisha chini ya uzio: "Nampelekea mbwa." Ndani ya vifuko vile mna mbegu za mnyoo mdogo sana, wa milimita chache tu. Mbwa akila ini hilo bichi, minyoo hukua kwa maelfu tumboni mwake naye haonyeshi dalili yoyote. Mayai hutoka na kinyesi, hushika manyoya, mtoto anamkumbatia mbwa kisha anashika mkate. Miaka inapita, ndani ya ini la mtoto yule kinakua kifuko kama kile cha mbuzi, na mara nyingi kukitoa ni kwa kisu cha daktari. Turkana kule Kenya ni miongoni mwa sehemu zilizoumizwa zaidi na ugonjwa huu duniani, nasi tunao Ngorongoro na Loliondo, hapa mlangoni.

Kwa nyama ya ndani, moto ni rafiki yenu. Hayo yaliyokataliwa yaacheni yaende shimoni. Yale yaliyopitishwa na mkaguzi, bandama, utumbo, mapafu, nunueni kwa bei yake, ambayo ni ndogo, myakate vipande vidogo na kuyachemsha nusu saa au zaidi tangu maji yaanze kutokota. Ini mpeni kidogo, mara moja kwa wiki. Likizidi kila siku nalo hudhuru.

Kuhusu mabaki ya sherehe nitasema kwa kifupi. Mfupa wa kuku uliopikwa huvunjika kama kijiti kikavu, ukatoboa koo au utumbo. Vitunguu maji na vitunguu saumu, hata vikiwa ndani ya mchuzi, huharibu damu ya mbwa. Zabibu, chokoleti, machicha ya pombe, bazoka zisizo na sukari, vyote weka mbali. Na chakula cha vifaranga msimpe mkidhani ni nafaka tu. Mara nyingi huchanganywa dawa ya kuzuia kuhara damu, na baadhi ya dawa hizo ni sumu kwake.

Sasa mtaniuliza, tumpe nini? Mpeni ugali, lakini ugali wenye kitu ndani. Wapo wanaowatisha kwamba mbwa ni jamaa ya mbwa mwitu na asipokula nyama tupu atakufa. Hilo si kweli. Mwaka 2013 watafiti wa Uppsala, Uswidi, walionyesha kwamba mbwa, tofauti na mbwa mwitu, amepata jeni nyingi za kumeng'enya wanga, kwa sababu ameishi na sisi na kula chakula chetu kwa maelfu ya miaka. Wanga uliopikwa ukaiva humfaa. Tatizo la ugali mtupu ni upungufu wa protini na madini, na hapo ndipo dagaa wa Mwanza anapookoa nyumba.

Chukueni mbwa mzima wa kilo 20, kama hawa wetu wa kienyeji wakishiba. Anahitaji takriban kilokalori 1,000 kwa siku. Gramu 200 za unga wa dona, gramu 50 za dagaa wakavu na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia vinamfikisha hapo. Kwa mwezi ni kilo 6 za unga, kilo moja na nusu ya dagaa, na mafuta yasiyofika nusu lita. Pigeni hesabu kwa bei ya soko la siku hiyo. Dagaa analiwa na mifupa yake, kwa hiyo protini na kalisi vinaingia pamoja, kitu ambacho kilo ya nyama tupu haiwezi kukupa.

Nawaeleza ninavyopika, maana hapa ndipo wengi wanapoharakisha. Dagaa nawaloweka kwenye beseni, nawasugua kwa viganja, namwaga maji. Narudia hadi nikipapasa chini ya beseni nisisikie mchanga, kwa kuwa wengi hukaushwa chini ufukweni, na ule mchanga hauna faida tumboni mwa kiumbe yeyote. Kama ni samaki wa chumvi, naloweka usiku kucha. Kisha nawachemsha kwenye maji mengi, natia mchicha au karoti iliyokatwakatwa, au kipande cha boga. Unga naukoroga kwanza na maji baridi usije ukafanya madonge, namimina, napunguza moto wa mkaa, naacha utokote taratibu mpaka harufu ya unga mbichi iishe. Hautakiwi uwe mgumu wa kukatika. Uwe laini, wa kumwagika kwa shida. Mafuta natia mwisho. Chumvi sitii. Siku dagaa wakipanda bei naweka maharage, yaliyochemshwa yakaiva kabisa hata ukibonyeza kwa vidole yanapondeka, na yai moja likipatikana. Sufuria hiyo ni ya mbwa peke yake. Nusu anakula asubuhi, nusu jioni, na maji safi hayakauki bakulini.

Gramu hizo si amri. Kiganja chako ndicho mizani. Papasa mgongo wa mkono wako ukiwa umenyoosha vidole: mifupa unaisikia chini ya ngozi bila kubonyeza. Mbavu za mbwa mwenye afya husikika hivyo. Ukiziona kwa macho kutoka mbali, ongeza chakula. Ukizitafuta kwa vidole usizipate, punguza, maana unene nao ni ugonjwa.

Kijibwa ni habari nyingine kabisa, naye ndiye aliyenifanya niseme nanyi leo. Kwa kila kilo ya mwili wake anahitaji chakula karibu maradufu ya mkubwa, na tumbo lake ni dogo kama ngumi. Ale mara nne kwa siku hadi miezi minne, kisha mara tatu hadi miezi sita. Dagaa wake waongezwe, wasagwe kwenye kinu. Nimeona vijibwa wa gharama kubwa wamepinda miguu ya mbele kama upinde, wanatembea kwa vifundo, na mwenye mbwa ananiapia kwamba aliwapa nyama kila siku. Nyama ndiyo, kalisi iko wapi? Kama humpi dagaa, kausha maganda ya mayai, yasage yawe unga laini. Kijiko kimoja cha chai kina kama gramu 2 za kalisi, na kijibwa mdogo anatosheka na sehemu tu ya hicho. Msizidishe, hasa kwa mbwa wa aina kubwa. Kalisi ikizidi nayo huharibu mifupa inayokua. Mwulizeni mtaalamu wa mifugo kipimo kwa uzito wake.

Dawa ya minyoo msiikwepe. Ukimlisha mbwa mwenye minyoo, unailisha minyoo. Na chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka. Mara nyingi huja bure karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, na hiyo ndiyo bure pekee ninayowasihi mkaipangie foleni.

Yule boerboel sasa. Akifika kilo 60 hatakula mara tatu ya mbwa wa kilo 20, atakula kama mara mbili na theluthi. Hiyo ni karibu kilo 14 za dona na kilo tatu na nusu za dagaa kila mwezi, kwa miaka minane, kumi. Mwezi ambao hukupata kibarua, yeye hajui. Nimeitwa kwenye nyumba ambazo mbwa wa namna hiyo amefungwa mnyororo, nyonga zimechomoza kama mabega ya jembe, anaramba sementi mahali palipomwagika mchuzi jana yake. Mwenye nyumba ananiambia hana uwezo. Uwezo wa kumnunua aliupata wapi? Kama mfuko wako unaruhusu mbwa mdogo, chukua wa kienyeji. Anabweka vilevile usiku, na sahani yake utaimudu.

Uliyekwisha kumleta nyumbani, sikwambii umrudishe. Jumamosi nakwenda Soko la Kilombero kununua dagaa wa mwezi. Njoo na mfuko wako. Nitakuonyesha namna ya kuwachagua: anayeng'aa kama fedha, anayekatika kwa mlio ukimkunja, anayenuka ziwa na si mkojo. Tunaondoka alfajiri, na kijibwa mwachie maji.